Swali lisilofaa mahakamani: namna ya kulitambua, kulipinga na kuliuliza upya

Wakili akiuliza swali lisilofaa, muda wa kulizuia ni mfupi mno: ni ule kati ya neno lake la mwisho na neno la kwanza la shahidi. Anayesubiri aone jibu litakuwaje ndipo apinge, kwa kawaida amechelewa, na rufani haitamsaidia sana kwa jambo aliloliacha lipite. Mwongozo huu ni wa wakili mchanga, mwanafunzi wa sheria na mtu anayejitetea mwenyewe, katika mahakama ambamo pande mbili ndizo zinazouliza mashahidi na hakimu au jaji anasikiliza.

Mifano ya vifungu imetolewa zaidi kwenye Sheria ya Ushahidi ya India ya 1872, kwa sababu hiyo ndiyo mama wa sheria za ushahidi za Kenya na Tanzania. India yenyewe iliibadilisha kwa sheria mpya iliyoanza kutumika Julai 1, 2024, lakini misingi ya kuuliza maswali haikuhama. Namba za vifungu hutofautiana kati ya nchi na nchi, kwa hiyo usizitaje mahakamani kabla ya kufungua sheria ya kwenu.

Hatua ya 1: Jua shahidi yuko kwenye awamu gani

Shahidi hupita mikono mitatu. Kwanza huongozwa na upande uliomwita, na hapo hutoa ushahidi wake mkuu. Kisha upande wa pili humuuliza maswali ya dodoso. Mwisho aliyemwita hurudi kumuuliza maswali ya ufafanuzi juu ya yaliyoibuka kwenye dodoso.

Swali lile lile laweza kuwa kosa mikononi mwa mmoja na halali mikononi mwa mwingine. "Ulimwona mshtakiwa akitokea dirishani, sivyo?" haliruhusiwi kwenye ushahidi mkuu, kwenye dodoso ndiyo silaha ya kila siku. Kwa hiyo usijiulize kwanza kama swali ni baya. Jiulize ni nani anauliza, na shahidi ni wa nani.

Hapa pana kosa moja linaloletwa na tamthilia za Marekani. Kule, chini ya kanuni za mahakama za shirikisho, dodoso kwa kawaida hufungwa ndani ya mipaka ya yale yaliyosemwa kwenye ushahidi mkuu pamoja na uaminifu wa shahidi. Kifungu cha 138 cha sheria ya 1872 hakikuweka mpaka huo: dodoso laweza kugusa jambo lolote linalohusika na kesi hata kama shahidi hakulitaja. Pingamizi la "hilo hakulisema kwenye ushahidi mkuu" katika mahakama ya namna hiyo ni la kujiaibisha. Lina nguvu kwenye maswali ya ufafanuzi tu, ambako jambo jipya haliingii bila ruhusa, na likiruhusiwa, upande wa pili hupewa nafasi ya kudodosa tena.

Hatua ya 2: Sikiliza umbo la swali, hasa kama linaelekeza

Swali elekezi ni lile linalobeba jibu analolitaka muulizaji. Wengi hudhani kila swali la ndiyo au hapana ni elekezi. Sivyo. "Je, ulifunga mlango?" laweza kuwa swali la kawaida tu. "Ulifunga mlango kwa ufunguo kabla ya saa mbili, si ndiyo?" linamwekea shahidi maneno mdomoni. Kipimo kizuri ni hiki: mtu asiyejua lolote kuhusu kesi akilisikia swali, je, atajua jibu gani linatakiwa? Akijua, ni elekezi.

Ubaya wake si wa kisheria tu. Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi filamu za ajali za magari, kisha wakawauliza magari yalikuwa na kasi gani, wakibadilisha kitenzi kimoja tu. Walioulizwa magari "yalipopondana" walikadiria wastani wa takriban maili 41 kwa saa. Walioulizwa "yalipogusana" walikadiria takriban 32. Katika jaribio la pili, wiki moja baadaye, watu 16 kati ya 50 wa kundi la "kupondana" walisema waliona vioo vilivyovunjika, dhidi ya 7 kati ya 50 wa kundi lililoulizwa kwa kitenzi cha kawaida cha "kugongana". Kwenye filamu hapakuwa na vioo vilivyovunjika. Ndiyo maana wakili makini hupinga neno hata pale umbo la swali linapoonekana safi: "alipokuvamia" badala ya "alipokukaribia", "genge" badala ya "kundi".

Swali elekezi huruhusiwa kwenye ushahidi mkuu kwa mambo ya utangulizi (jina, kazi, mahali anapoishi), kwa yasiyobishaniwa, na kwa yale ambayo mahakama inaona yamekwisha kuthibitishwa vya kutosha. Huruhusiwa pia shahidi anapomgeuka aliyemwita na mahakama ikatoa ruhusa ya kumdodosa. Kumpinga mwenzako anapouliza "Wewe ni muuguzi, sio?" ni kupoteza muda wa watu.

Hatua ya 3: Taja kasoro kwa jina lake

Mahakama haipokei pingamizi la "swali hilo si la haki". Inataka sababu. Zifuatazo ndizo zinazojitokeza sana, na hazina uzito sawa.

Swali linalodhani jambo lisilothibitishwa ndilo la hatari kuliko yote, maana huvaa nguo za swali la kawaida. "Uliacha lini kumpiga mkeo?" Akijibu tarehe, amekiri, akijibu "sijaacha", amekiri zaidi. Hili halifai hata kwenye dodoso. Muulizaji ana haki ya kupendekeza jambo ("Nakuambia kwamba ulikuwa ukimpiga mkeo, unasemaje?") kwa sababu hapo shahidi anaweza kukana. Hana haki ya kulizika ndani ya swali lingine.

Kunukuu vibaya ushahidi ni ndugu yake. Shahidi alisema "niliona mtu mrefu"; dakika ishirini baadaye wakili anaanza: "Ulituambia ulimwona mshtakiwa..." Hapa dawa ni daftari lako. Andika majibu muhimu neno kwa neno, na ukisimama yasome: "Shahidi alisema 'mtu mrefu', hakumtaja mshtakiwa." Pingamizi lenye nukuu halihitaji hoja nyingine. Katika kesi ya Berger ya mwaka 1935, Mahakama ya Juu ya Marekani ilitengua hukumu kwa mwenendo wa mwendesha mashtaka, na miongoni mwa makosa yake yalikuwa hayohayo: kupotosha kwenye dodoso yale mashahidi waliyosema, kuwatia mdomoni wasiyoyasema, na kuwatisha.

Swali la mkururo hubeba maswali mawili matatu kwa pamoja: "Ulifika, ukamkuta, na ukachukua zile fedha?" Jibu la "ndiyo" halijulikani ni la lipi. Watu hulidharau, lakini kwenye mwenendo wa kesi (kumbukumbu iliyoandikwa ya yaliyosemwa mahakamani) ndilo linaloleta ugomvi mkubwa baadaye, kwa sababu kila upande husoma ile "ndiyo" kwa faida yake.

Swali la mabishano si swali. Ni hotuba ya mwisho iliyowekewa alama ya kuuliza. "Unataka mahakama hii iamini hadithi hiyo?" Halitafuti taarifa yoyote. Karibu nalo ni la kumtaka shahidi amhukumu mwenzake: "Kwa hiyo yule askari amedanganya?" Mahakama nyingi hulikataa kwa kuwa kuamua nani mkweli ni kazi ya mahakama. Njia halali ni kuuliza juu ya jambo lenyewe: "Askari amesema mlango ulikuwa wazi. Wewe uliukutaje?"

Swali la kubahatisha humtaka shahidi aseme yaliyo kichwani mwa mtu mwingine au ambayo yangetokea: "Unadhani kwa nini alikimbia?" Mtaalamu ana nafasi zaidi, anaweza kuulizwa swali la "tuchukulie kwamba", mradi yanayochukuliwa yapo kwenye ushahidi.

Kurudia swali lililojibiwa kunahitaji busara. Kwenye dodoso kuna uhuru wa kulirudia jambo kwa pembe nyingine, na pingamizi la mara ya pili ni mapema mno. Mara ya tatu kwa maneno yaleyale, simama.

Maswali yanayomvuta shahidi aseme alichoambiwa na mtu asiyeitwa, na yale yanayogusa mazungumzo yake na wakili wake, hukataliwa kwa sababu nyingine: tatizo ni jibu lenyewe kutopokelewa, si umbo la swali. Yapinge vilevile kabla ya jibu.

Hatua ya 4: Pima maswali yanayoshambulia heshima ya shahidi

Hapa ndipo mawakili wengi huvuka mpaka wakiamini wanafanya kazi yao. Kudodosa uaminifu wa shahidi ni halali. Sheria ya 1872 iliweka masharti matatu ambayo kila anayedodosa angepaswa kuyajua kwa moyo.

La kwanza, kifungu cha 149: swali la kuchafua sifa haliulizwi bila sababu ya msingi ya kuamini kwamba linachosema ni kweli. Sheria yenyewe ilitoa mfano wake: wakili aliyepewa maelekezo kwamba shahidi ni mnyang'anyi ana sababu ya kumuuliza, wakili asiyejua lolote kuhusu shahidi, anayerusha swali hilo kwa kubahatisha, hana. Kifungu cha 150 kiliipa mahakama uwezo wa kumripoti wakili huyo kwa chombo kinachomsimamia. Kwa hiyo unapopinga, usiishie kulalamika. Omba mahakama imtake mwenzako aeleze msingi wa swali lake, shahidi akiwa nje ya chumba. Mara nyingi swali hufa hapohapo.

La pili, kifungu cha 151: maswali ya aibu na kashfa mahakama inaweza kuyakataza hata kama yana uhusiano fulani na kesi, isipokuwa yakihusu jambo lenyewe linalobishaniwa. La tatu, kifungu cha 152: swali linalokusudia kutukana au kuudhi, au lenye umbo la kuudhi bila sababu, mahakama lazima ilikataze. Tofauti ya "inaweza" na "lazima" ni ya kutumia. Ukiweza kuonyesha kwamba swali lile lile lingeulizwa kwa lugha ya staha na likapata jibu lile lile, umehama kutoka kuomba hisani hadi kudai wajibu.

Historia ya kimapenzi ya mlalamikaji katika kesi za ngono ina ulinzi wake wa pekee katika nchi nyingi: Marekani iliweka kanuni ya kuizuia kwenye mahakama za shirikisho mwaka 1978, Uingereza ikaibana kwa kifungu cha 41 cha sheria ya 1999. Katika nchi zenye ulinzi huu, muulizaji huomba ruhusa kwanza, kabla ya kutamka swali. Asipoomba, usisubiri amalize sentensi. Hili ni moja ya machache unayoruhusiwa kumkatiza mwenzako.

Kwa mtoto au mtu mwenye ulemavu wa akili, angalia pia mkia wa swali. "Hukwenda kule, sivyo?" humchanganya hata mtu mzima: "ndiyo" yake ina maana alikwenda au hakwenda? Kwa mtoto ni mtego. Omba mahakama iagize maswali mafupi, jambo moja kwa swali, bila kukanusha mara mbili.

Hatua ya 5: Simama, sema sababu, nyamaza

Mpangilio ni huu. Unasimama wakati swali likikamilika. Unasema "Pingamizi, Mheshimiwa" kwa sauti inayomfikia shahidi, maana kazi ya kwanza ya neno hilo ni kumzuia asijibu. Unataja sababu kwa maneno machache: "Swali ni elekezi." "Linadhani jambo lisilothibitishwa." "Limebeba maswali matatu." Kisha unanyamaza. Unaongea na mahakama, humgeukii mwenzako.

Kinachoharibika zaidi hapa ni pingamizi linalomfundisha shahidi. Wakili anasimama: "Pingamizi, Mheshimiwa, shahidi hawezi kujua umbali, ilikuwa giza na alikuwa na hofu." Swali linarudiwa, na shahidi, ambaye si mjinga, anajibu: "Sikuweza kujua umbali. Ilikuwa giza na nilikuwa na hofu." Huo ni ushahidi wa wakili, na ni utovu wa maadili kama swali alilolipinga. Hoja ikihitaji maelezo, omba kwanza shahidi atoke nje.

Jibu likiwa limeshatoka, pinga hata hivyo, na omba jibu lifutwe au mahakama iandike kwamba halitazingatiwa. Ni dawa hafifu, hasa mbele ya wazee wa baraza au baraza la waamuzi wa kiraia, maana masikio hayafutiki. Wakati wa kumwandaa shahidi wako, mwambie jambo moja: ahesabu pumzi moja kabla ya kila jibu. Pumzi hiyo ni yako.

Hatua ya 6: Baada ya uamuzi, angalia kilichoandikwa

Pingamizi likikubaliwa, kazi ya muulizaji ni kulisuka swali upya, si kubishana. Swali elekezi hutibiwa kwa kuanza na nani, nini, wapi, lini, vipi. La mkururo hukatwa vipande. Lenye dhana hurudishwa nyuma hatua moja: kabla ya "ulizipeleka wapi fedha?" huja "ulipokea fedha?" Wewe uliyepinga kaa chonjo, maana swali lililokataliwa hupenda kurudi likiwa limebadili kanzu tu.

Likikataliwa, kaa. Lakini hakikisha limeandikwa. Mahakama nyingi bado huandika ushahidi kwa masimulizi, yaani "nilifika saa mbili, nikamkuta", na swali lenyewe linatoweka. Mahakama ya rufani ikisoma itaona jibu tupu na haitajua shahidi alisukumwa. Kanuni ya 11 ya Amri ya 18 ya Sheria ya Mwenendo wa Madai ya India ya 1908 ilitambua tatizo hili: swali likipingwa na mahakama ikaliruhusu, jaji aandike swali, jibu, pingamizi, jina la aliyepinga na uamuzi. Omba vitu hivyo vitano kwa kuvitaja. Ombi la heshima linalosema "naomba swali na pingamizi langu viingie kwenye mwenendo" hakuna hakimu anayelichukia.

Sio kila swali baya linastahili kusimamiwa. Ukipinga kumi na mawili na yakakataliwa kumi, la kumi na tatu, lililo la kweli, litakufa pamoja na mengine. Jiulize: jibu lake linaniumiza? Kama swali elekezi linaleta jambo ambalo shahidi angelisema tu akiulizwa vizuri, kulipinga ni kumsaidia mwenzako aulize vizuri zaidi. Na wakati mwingine wakili anayemfokea shahidi mnyonge anaiharibu kesi yake mwenyewe. Kama shahidi ni imara, mwache aendelee kidogo. Kama anatetemeka, usimtumie kwa hesabu hiyo.

Ukiwa wewe ndiye unayeuliza

Makosa mawili ya anayedodosa hayaonekani kwenye swali, yanaonekana kwenye swali ambalo halikuulizwa au lililoulizwa kwa mpangilio mbovu.

Kwanza, ukikusudia kuiambia mahakama mwishoni kwamba shahidi amedanganya kuhusu jambo fulani, mpe shutuma hiyo akiwa kizimbani ajibu. Ndiyo kanuni ya Browne dhidi ya Dunn, Uingereza, 1893. Kukaa kimya kisha kumrarua kwenye hoja za mwisho kunaweza kuchukuliwa kuwa ulimkubali.

Pili, ukitaka kumkabili shahidi na maelezo yake ya awali yaliyoandikwa, kifungu cha 145 cha sheria ya 1872 kilikutaka umwonyeshe sehemu zenyewe zinazopingana kabla ya kuzitumia dhidi yake. Fuata mpangilio: mfanye athibitishe alichosema leo; mfanye akubali kwamba alitoa maelezo, lini, na kwamba alisaini; mpe karatasi; soma mstari husika neno kwa neno; omba uingie kama kielelezo. Wanaoanza kwa "Wewe polisi ulisema vingine!" huishia na shahidi anayejibu "sikumbuki", na karatasi isiyopokelewa.

Ukiwa wewe ndiye shahidi

Huna haki ya kupinga kama wakili, lakini unaweza kusema "sijaelewa swali", "umeuliza mambo mawili, nijibu lipi?", au "sikusema hivyo". Ukilazimishwa ndiyo au hapana pale ambapo vyote viwili si kweli, mgeukie hakimu uombe ruhusa ya kueleza. Usibishane na wakili, anakusubiri hapo.

Swali likitoka kwa jaji mwenyewe

Kifungu cha 165 cha sheria ya 1872 kilimpa jaji uwezo wa kuuliza swali lolote, kwa umbo lolote, wakati wowote, na pande hazikuwa na haki ya kulipinga. Hata hivyo uwezo huo una kikomo: katika kesi ya Jones dhidi ya Bodi ya Taifa ya Makaa ya Mawe, Uingereza, 1957, kesi iliamriwa isikilizwe upya kwa sababu jaji aliuliza na kukatiza kupita kiasi hadi pande zikakosa usikilizwaji wa haki. Mahakamani penyewe usipige kelele za pingamizi. Andika kila swali la jaji na saa yake, hakikisha swali na jibu vimeingia kwenye mwenendo, kisha simama uombe ruhusa ya kumdodosa shahidi juu ya jibu hilo. Bila ruhusa, kifungu hichohicho hakikukupa nafasi hiyo, kwa hiyo iombe palepale, kabla shahidi hajaruhusiwa kushuka.